Aliyeshika Mlingoti wa Antena

Kitu kilichoonekana mara chache, kikaondolewa kabla watu hawajakizoea, kilikuwapo kweli? Nimekaa na swali hili muda mrefu, mpaka sasa naona lenyewe ndilo linalonitazama mimi. Sina elimu ya shule ya kulijibu. Niliyoyasoma niliyasoma peke yangu, kwenye karatasi za kufungia vitumbua na vitabu vilivyokosa majalada, na humo sikukuta jibu lililoweza kusimama bila kushikiliwa.

Katika mji wetu jibu hutolewa na benchi. Ni benchi la mbao, fupi, la kukalia watu wawili. Jambo likibishaniwa, walioliona kwa macho huitwa wakalikalie. Wakikaa wawili, jambo lilikuwapo. Akikaa mmoja, jambo huning'inia mpaka jua lizame. Asipokaa mtu, jambo halikuwapo wala halikupata kuwapo, na yeyote ambaye maisha yake yalisimama juu ya jambo hilo huporomoka pamoja nalo. Linaloanza kuondoka ni jina. Asiye na jina hasalimiwi, na asiyesalimiwa hauziwi chumvi. Nimewaona watu wa namna hiyo wakipita barabarani. Wanaonekana, lakini macho ya watu hayawapokei.

Siku ile ilikuwa zamu ya Bi Siwatu.

Nasema siku ile, ingawa katika mji wetu siku hazipangwi mstari. Zimerundikwa, na kila mtu huchomoa aliyoiweza. Niliyoichomoa mimi ni ya mchana mweupe, jua limesimama katikati, na watu wamejaa kwenye sebule ya Bi Mkasi, mjane mwenye nyumba. Nilipovuka kizingiti nilikuwa mzee. Nilipofika karibu na dirisha nikajikuta na mikono ya ujana, viganja vina malengelenge ya chuma. Sikushtuka. Sebule ile ina tabia hiyo. Ndimo ilimokuwa televisheni ya mtaa wetu, ndani ya kabati lenye milango miwili na kufuli, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Televisheni yenyewe imekwisha kuondoka. Kabati limebaki. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameketi juu ya kiti kirefu mbele ya kabati hilo, na kofia yake ameiweka ndani, pale kilipokuwa kioo.

Bi Siwatu hana mzazi mjini kwetu, hana shangazi, hana kaburi analolipalilia. Aliingia mjini kwa njia moja tu, kupitia kipindi cha televisheni kilichoitwa Mgeni Sebuleni. Kipindi kilidumu majuma machache. Kikakatwa, na juu ya kanda zake likarekodiwa gwaride. Baadaye mwanamke mwenyewe akaja kwa miguu, akapanga chumba, akauza mishumaa na ubani, na watu wakamwita Siwatu kwa sababu walimjua kwa jina hilo tangu kiooni. Sasa Mwenyekiti alikuwa amesema kwamba kipindi hicho hakikuwapo. Kama hakikuwapo, basi hakuna Siwatu aliyewahi kuingia, na jina hilo limekaa bure juu ya mtu asiyekuwapo wakati wengine wanalihitaji.

Aliyelihitaji alikuwa amekwisha kuletwa. Alikuwa msichana mnene, mgeni kabisa, aliyetolewa upande wa pili wa mto. Alisimama mlangoni akingoja kupewa, kwa vile asiye na jina haruhusiwi kuvuka kizingiti. Watu walikuwa wakimjaribu. Mtu alisema "Siwatu" polepole, na msichana akaitika, halafu Bi Siwatu naye akaitika kutoka kwenye mkeka, na watu wakacheka. Walifanya hivyo mara kadhaa. Kila mara sauti ya mkekani ilikuwa ndogo kidogo kuliko ile iliyotangulia.

Lazima nieleze nilikuwa nani katika habari hii. Nilikuwa mshika mlingoti.

Wakati ule mawimbi yaliufikia mji wetu kwa shida. Antena ilifungwa juu ya mlingoti wa chuma uani, na bila mtu wa kuuzungusha na kuushikilia, kioo kilijaa chenga. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nje ya dirisha, uso wangu ukitazama ukuta wa jirani, masikio yangu yakiwa ndani. Waliniita Mlingoti, na mpaka leo wako wanaodhani ndilo jina nililopewa na mama yangu. Na kwa kuwa si haki mtu awashikie wenzake picha halafu alale bila kuijua, kulikuwa na desturi. Kipindi kikiisha, mtu mmoja hutoka nje akamsimulia mshika mlingoti yaliyoonekana. Haikupangwa nani. Aliyewahi kuvaa viatu vyake akatoka wa kwanza ndiye aliyesimulia.

Kwa desturi hiyo nimevijua vipindi ambavyo hakuna anayevitaja tena. Kulikuwa na Duka la Bwana Pazia, mwenye duka aliyeuza vitu visivyokuwapo, na wateja wakatoka mikono mitupu huku migongo imepinda kwa uzito. Kulikuwa na mbuzi wa kitambaa aliyesoma habari kwa lugha ya heshima, akaondolewa kwa kuwa alitabasamu siku isiyofaa. Kulikuwa na mashindano ya kunyamaza. Wanaume wawili walikaa wakitazamana, wa kwanza kusema neno ndiye aliyeshindwa. Hakushindwa mtu, watazamaji wakakasirika, na kipindi kikafa washindani wangali pale. Aliyenisimulia mashindano hayo alisema mmoja wao alikuwa na ndevu. Mwingine alisema hapana, alikuwa na kovu. Sikumhukumu yeyote. Nilivipokea vyote viwili, na katika kichwa changu mtu yule mpaka leo ana ndevu na kovu.

Lakini Mgeni Sebuleni hakikuwahi kusimuliwa.

Nilikisikia. Mwanamke alibisha hodi. Watu wakamkaribisha kama mgeni wa kweli, wengine wakicheka. Aliketi, maana nilisikia kiti. Aliwauliza kama wameshinda salama. Aliwauliza nani ameketi karibu na mlango, na nani ameketi mbali na mwenzake. Kisha, mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, aliuliza: nyuma yako kuna nani? Baada ya hapo nilikuwa nikisikia mkeka ukichakarika kwa pamoja, kama majani makavu yamepitiwa na mnyama. Halafu kimya. Halafu watu walitoka, wakavaa viatu bila kusemezana, na kila mmoja akanipita. Nilingoja. Nilidhani labda nimekosea jambo, labda picha ilikuwa mbaya. Juma lililofuata hivyo hivyo. Mpaka kikakatwa, hakuna aliyesimama mbele yangu na kuniambia kilichoonekana.

Mtu anaweza kusahau kipindi. Je, mtaa mzima unaweza kusahau kusimulia?

Mwenyekiti aliita walioona. Benchi likabaki tupu. Aliita tena, safari hii akitaja watu kwa majina, na kila aliyetajwa alijibu kwa namna yake. Mmoja alisema miaka ile alikuwa anaugua macho. Mmoja alisema kwao hawakuwa wakitazama televisheni, na mkewe, aliyeketi kando yake, akaitikia kwa kichwa. Makungu, fundi wa viatu, alisema yeye anakumbuka miguu tu, sura za watu hazimkai. Watu wakacheka tena. Kilikuwa kicheko chenye meno. Bi Siwatu aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alishusha macho kwenye mkeka kama aliyeangusha sindano.

Nikasimama nikasema kwamba mimi nakumbuka.

Mwenyekiti aliniuliza kama nilimwona. Nikajibu kwamba nilimsikia. Hapo Makungu hakungoja ruhusa.

"Basi tumwite na paka wa jirani," alisema. "Naye alikuwa nje, na masikio yake ni mazuri kuliko ya Mlingoti."

Mwenyekiti aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Alinieleza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kwamba benchi ni la macho. Sikio ni tundu tu, huingia chochote. Aliniuliza kama ninaweza kuapa kwamba sauti niliyoisikia haikutoka redioni, au jikoni, au kichwani mwangu mwenyewe, mtu niliyezoea kusimama peke yangu nimekumbatia chuma. Nililifikiria swali lake kwa haki. Sikuweza kuapa. Nikasema hivyo, na kwa kusema hivyo nilihisi Bi Siwatu akipungua nyuma yangu, kama mshumaa unavyopungua bila kutoa sauti.

Kumbukumbu ni ya nani? Ya aliyeona, au ya aliyetaka kuona akanyimwa? Aliyeona ameshiba, anaweza kuitupa sahani. Mimi nilikuwa nimebaki na njaa yangu, na njaa haisahau harufu. Lakini njaa haiwezi kukaa kwenye benchi.

Hapo ndipo Bi Siwatu alipoomba jambo moja. Alisema, kama jina linaondoka, aruhusiwe kulitumia mara ya mwisho. Abishe hodi, aketi, awaulize aliyokuwa akiwauliza. Kisha wamfanye watakavyo.

 Nadhani Mwenyekiti alilipenda wazo hilo, kwa sababu mwenye nguvu hupenda kuona kitu kikifa mbele ya mashahidi. Aliamuru watu wakae kama wanavyokaa watazamaji, mistari kwa mistari, nyuso kwa kabati. Alitoa kofia yake ndani ya kabati na yeye mwenyewe akahamia nyuma kabisa. Kisha akanielekezea kidole nje ya mlango.

"Na wewe nenda kwenye chuma chako," alisema. "Usije ukaharibu picha."

Nikatoka. Nilimpita yule msichana mlangoni, aliyekuwa amegeuzia ua mgongo akichungulia ndani kwa shauku. Mlingoti ulikuwapo, una kutu, umeinama kidogo. Niliushika. Antena haikuwa na kazi, kabati lilikuwa tupu, na hata hivyo mikono yangu iliuzungusha polepole kuelekea upande wa mawimbi. Safari hii sikuutazama ukuta wa jirani. Niliutazama mlango.

Nilisikia hodi. Hakuna aliyekaribisha. Nikasikia kiti. Bi Siwatu akawauliza kama wameshinda salama, na kimya kikamjibu. Akauliza nani ameketi karibu na mlango. Kimya. Sauti yake ilikuwa ile ile. Haikuwa imezeeka, au mimi ndiye niliyekuwa nimerudi nyuma kuikuta. Kisha akauliza, kama anayeomba maji:

"Nyuma yako kuna nani?"

Niliusikilizia mkeka. Haukuchakarika. Hapakuwa hata na kikohozi, hata na kitambaa kilichogusa kitambaa. Watu wote wale, na pumzi zao, walikuwa wamesimamishwa kama maji ndani ya mtungi uliozibwa.

Lakini mlangoni yule msichana aligeuka.

Aligeuka kama mtu yeyote anavyogeuka akiulizwa swali kama hilo, bila kufikiri, shingo ikitangulia na mabega yakifuata. Akaniona. Alinitazama, mzee au kijana sijui, nimeshika chuma katikati ya ua. Katika miaka yote ya kushika mlingoti ule hakuna jicho lililokuwa limenikuta nikiushika. Wote walikuwa wakitazama mbele. Nikahisi kama mtu aliyeguswa bega akiwa amedhani yuko peke yake duniani.

Nikaitwa. Nilipoingia, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kurudi mbele, na alikuwa akitoa uamuzi. Alisema kila mtu ameshuhudia. Mwanamke ameuliza maneno yake, na hakuna aliyetikisika. Kama maneno hayo yangewahi kusemwa katika sebule hii, miili ingeyatambua hata kama vichwa vimesahau. Hakuna aliyegeuka, kwa hiyo hakuna anayekumbuka, kwa hiyo hakuna kilichokuwapo. Msichana aingie apewe jina lake.

Mimi si mwepesi wa kusema, na sikutaka kumwaibisha mtu. Niliomba nafasi nikauliza kitu kidogo. Mtu asiyewahi kulisikia swali lile maishani mwake, akiulizwa ghafla nyuma yake kuna nani, hufanya nini?

Mwenyekiti alijibu kwa haraka, kama anayefukuza nzi. Alisema bila shaka atageuka, hata mtoto mchanga angegeuka, na ndiyo maana swali langu ni la kipumbavu.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema. "Safari hii nimeona kwa macho. Huyu msichana wa ng'ambo, asiyejua lolote la mji huu, aligeuka. Ninyi mliobaki hamkugeuka hata mmoja. Mtu hakazi shingo yake namna ile kwa swali asilolijua."

Sikusikia kicheko.  Niliona jinsi shingo zilivyokuwa bado zimekazwa, mishipa imesimama, na wengine mikono yao ikiwa mapajani imekunja nguo. Walikuwa wamejifunza kutogeuka, kwa muda mrefu, kila siku, sokoni na misikitini na vitandani mwao, na wakalifanya zoezi hilo vizuri mno mbele ya watu.

Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba ninautukana mtaa mzima, na kwamba mtu anayesimama madirishani kwa watu anapaswa kuchunga ulimi. Alisema ziko njia za kuning'oa pamoja na chuma changu. Watu waliokuwa karibu nami walisogea ili nafasi yangu ijulikane. Sikuwachukia. Niliona tu kwamba walikuwa wakiniogopa zaidi ya walivyomwogopa yeye, kwa sababu yeye alikuwa anawasaidia kusahau na mimi nilikuwa nawanyima.

Bi Mkasi alikuwa kwenye mkeka wa mbele, jirani na kabati, pale alipokaa siku zote kwa kuwa ufunguo ulikuwa wake. Alinyanyuka kwa shida. Hakumtazama mtu. Alikwenda kwenye benchi akakaa upande mmoja, akaweka mikono magotini.

"Nyuma yangu alikuwa Hamduni," alisema.

Sitajaribu kueleza jina hilo lilivyoingia katika sebule. Hamduni alikuwa mpiga chapa, mtu mrefu, aliyekuwa akiwachekesha watoto kwa kutingisha masikio yake. Alichukuliwa mchana mmoja, majuma yale yale kipindi kilipokatwa, na tangu siku hiyo hakutajwa. Sikuwa najua kwamba mambo hayo mawili yalilala kitanda kimoja. Kumbe kumkumbuka mgeni kulikuwa kumkumbuka jirani, na walikuwa wamemzika mmoja ili mwingine asifukuke.

Bi Mkasi aliendelea kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema mara ya kwanza mgeni alipouliza, waligeuka wote kwa mzaha, wakacheka. Mara ya pili waligeuka wakatazamana zaidi. Mara ya mwisho yeye aligeuka kumtazama Hamduni, lakini Hamduni naye alikuwa amegeuka, kwa hiyo aliona kisogo chake tu. Kisogo kile kilitetemeka. Hakujua Hamduni alikuwa anamtazama nani. Hakutaka kujua. Kesho yake Hamduni hakuwapo, na yeye akawaambia wanawe kwamba kwenye televisheni hakukuwa na kitu siku ile.

 Nafasi ya pili ya benchi ilikuwa wazi. Mwenyekiti alisema, akijitahidi kuipa sauti yake uchovu, kwamba huyo ni mmoja. Mmoja hatoshi. Mjane mwenye huzuni zake amesema ya kwake, na Mungu amsamehe. Kama hayuko mwingine aliyeketi humu siku hiyo, jua likizama jina litatoka.

Hakuna aliyeinuka. Niliwatazama, nao waliniona nikiwatazama, na chuki iliyokuwa machoni mwao ilikuwa chuki ya mtu aliyeamshwa usingizini kwa kumwagiwa maji.

Bi Siwatu ndiye aliyesimama. Hakwenda kwenye kiti cha mgeni. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Mwenyekiti, akasimama karibu naye kuliko inavyoruhusiwa, na safari hii hakuwa akiuliza watu wote.

"Na wewe, baba," alisema. "Nyuma yako alikuwa nani?"

Nilimwona akikunja uso. Niliona akitafuta ubaya ulio ndani ya swali, akiona kwamba anashutumiwa, kwamba jina fulani linataka kuwekwa mgongoni pake, kwamba watu wote wanangoja aliseme. Mtu aliyezoea kushtaki, akishtakiwa, hujitetea kabla hajafikiri.

"Nyuma yangu hapakuwa na mtu," alijibu. "Palikuwa na ukuta."

Ilipita pumzi moja kabla hajalisikia alilolisema. Wengine tulilisikia mara moja: siku hiyo naye alikuwamo. Aliyeketi ukutani ni wa mstari wa mwisho, na wa mstari wa mwisho ndiye ambaye kila aliyegeuka, Hamduni naye, alikutana na uso wake. Mikeka ikachakarika. Shingo ziligeuka moja baada ya nyingine, polepole, kwa maumivu, kutazama mahali patupu chini ya ukuta wa nyuma, kisha zikarudi kumtazama yeye.

Msichana wa mlangoni alivaa viatu vyake. Alisema, bila kinyongo, kwamba basi yeye atafutiwe jina jingine, akaondoka zake kuelekea mtoni.

Mwenyekiti alibaki amekaa, kofia mkononi, akiitazama milango miwili ya kabati kama inayoweza kufungwa.  Bi Mkasi hakumtazama. Alijivuta tu hadi mwisho wa benchi, akakusanya upindo wa nguo yake, ili mtu wa pili apate kukaa.